Kola Ndefu za Nyumbani Kwetu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, ingawa mimi ni mtu wa bahati, nimeshona suti za mabwana harusi katika miji mitatu na tangu nizaliwe sijaugua hata mafua. Taabu ni binti yangu, tunamwita Cherehani maana hatulii, moyo wake unakwenda mbio hata akiwa amekaa, anakula kunishinda na bado anakonda, shingo imevimba, basi daktari akapima damu akasema homoni za tezi ya shingo zimezidi, wiki ijayo tezi itolewe, lakini daktari mwingine, mama mmoja wa miwani, akayatazama majibu akashangaa, "Mbona hayaelewani? Homoni ziko juu, na ubongo bado unaiamuru tezi itengeneze nyingine! Baba, kwenu kuna mwenye rovu, tezi ya shingo iliyovimba hivi?" nami nikacheka, "Dokta, sisi shingo zetu za twiga!" wakati mama yangu alikatwa sehemu ya rovu likaota tena, na dada yangu namshonea kola ndefu za kulifichia lake, mwenyewe hunitania, "Kaka, ukifa wewe nitavaa blanketi," sasa nimevurugika, zimezidi au hazijazidi, akatwe au asikatwe, na nikitaja ya kwetu nani atamchumbia? Tena hiyo bahati ya kutougua ni uongo. Nami ninalo rovu.

Fundi wa Kola


Fundi,

Pole sana, baba. Lakini mdomo huo! Mtu anakuuliza la maana, wewe unamletea twiga?

Kwa kawaida homoni hizi zikizidi, ubongo huacha kuiamuru tezi. Wa binti yako haujaacha. Iko hali adimu ya kurithi: homoni zipo tele, ila sehemu nyingine za mwili hazizisikii, na moyo unazisikia mno. Tezi inasukumwa tu, inavimba. Kuikata hakuponyi hali hiyo. Sisemi ndiyo hiyo, mimi si maabara. Nasema daktari hawezi kuijua ukimficha ukoo mzima.

Kesho nenda kwa yule daktari wa miwani na dada yako, na mama yako kama anaweza kutembea. Fungueni kola. Mwombeni daktari aahirishe upasuaji mpaka mpimwe damu wote, na vinasaba ikiwezekana. Dawa za binti, kama amepewa, usizikatize kwa akili yako. Na ndugu zake, kama anao, wapimwe, maana mzazi akiwa na hali hii, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Mchumba akikimbia, atapatikana mwingine. Tezi ikishatolewa yote hairudi. Ukiona ulimi unakwama, aseme dada yako.