Mstari wa kilemba

Jumapili, Ujiji. Jua la leo lilikuwa la kupasua kichwa, nasikia. Mimi sikuliona, nimewekwa ndani.

Ndiyo mila yetu, bibi harusi hatoki. Somo wangu, mama anayenifunda, ananisinga liwa ya kulainisha ngozi asubuhi na jioni, kazi yangu kula na kulala. Dagaa anaanika mdogo wangu Asha peke yake kule mwaloni, ufukweni mitumbwi inakoshushia, mahali tulipokuwa tunaanika wawili tangu mama alipoanza kuumwa miguu.

Ngozi ina mambo. Zamani tulikuwa tunatakata kidogo siku za mbalamwezi, maana wavuvi hawaendi ziwani na hakuna cha kuanika. Giza likirudi dagaa wanarudi, na jua linatuchoma upya, mimi na Asha sawasawa. Safari hii giza limerudi, akachomwa yeye tu. Mimi weusi wa jua ulianza kunitoka mabegani, ukafuata uso, mikono ikawa ya mwisho. Miguuni bado ipo alama ya mikanda ya ndala, nayo inafifia.

Na nimefurahia, nisijifanye. Kila nikiamka nakimbilia kioo.

Leo alasiri shangazi wa mchumba wangu alikuja kutoka Gungu kunitazama. Akanishika kidevu: "Mashallah! Kumbe mkwe wetu mweupe hivi!" Nikainamisha macho, huku moyoni nacheka. Mama alikuwa uani. Asha ndiyo kwanza ametoka mwaloni, magamba mikononi, akaingia na sinia la soda.

Shangazi akamtazama juu mpaka chini. "Na huyu dada wa kazi mmemtoa wapi?"

Mdomo ninao. Nikanyamaza.

Asha alinitazama. Akangoja. Alipoona sisemi kitu, akapiga goti: "Shikamoo mama. Natokea Kalinzi." Akatia na lafudhi ya Kiha cha milimani, vile tulivyokuwa tunaigizana utotoni. Shangazi akaitikia, akamtuma barafu. Akaenda.

Mgeni alipoondoka nilimfuata jikoni. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Akacheka tu. "Usijali dada. Siku ya harusi nitakaa huku huku jikoni, wasije wakanitambua wakakuaibisha."

Gauni lake la sare limeshashonwa. Linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chetu, hata kulijaribu mara ya pili bado. Yeye ndiye aliyekuwa akae nami mkekani, anishike mkono. Loo, nimefanya nini mimi?

Akavua kilemba anawe uso. Pale kwenye paji, kilemba kinapoishia, kuna mstari umenyooka. Chini ya mstari ni Asha wa mwaloni. Juu yake, ngozi ambayo haijaonja jua. Nikauweka mkono wangu pale, na rangi yetu ni moja.

Machozi yakanitoka. Akaniuliza nina nini, nikasema moshi.

Hata hapo nimedanganya!

Shangazi anarudi Jumatano na nguo za harusi. Nimeshamwambia mama, kuanzia kesho natoka. Mama ameguna, akaniuliza nina wazimu gani, nami nikamweleza yote. Akaenda kulitoa gauni la Asha kulipiga pasi. Somo atafoka, na afoke. Liwa atajisinga mwenyewe. Jumatano shangazi asinitafute chumbani, atatukuta mchangani tunageuza dagaa, na nitamwambia kwa mdomo wangu huyu ni nani wangu. Akinuna, anune. Akighairi harusi… Naliacha hapo, maana mchumba wangu nampenda.

Weupe huu jua litauondoa upesi, najua. Ila Asha alinitazama, akangoja. Hiyo naitoaje?