Jumatano ni ya Ghorofa ya Tatu

Tarehe 3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Naanza kwa kukuomba radhi. Barua zako mbili zimelala mezani tangu kabla ya mvua, nami sikuzijibu. Sikuwa mgonjwa. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo hunung'unika kila nipandapo ngazi. Natumaini wewe na mumeo hamjambo. Sikuandika kwa kuwa sikuwa na habari.

Sasa ninayo. Jengo letu limetangazwa kuwa la kihistoria. Mlangoni wamebandika bamba la shaba linalotaja mwaka wa kujengwa, jina la msanifu, na kwamba hili ndilo jengo la kwanza mjini kuwa na lifti. Halisemi kwamba Jumapili watu walikuwa wakija kusimama ng'ambo ya barabara ili kuhesabu ghorofa. Wala halisemi kwamba marehemu mama yako aliiogopa lifti hiyo hata siku ya harusi akapanda ngazi na gauni lake, huku wageni wakimngoja juu.

Wapangaji wengine wamekwisha kuhama, maana manispaa italigeuza jengo kuwa makumbusho. Nimebaki mimi.

Baba yako

Tarehe 20 Machi

Shikamoo Baba,

Hujambo huko? Magoti je? Sisi hatujambo.

Umebaki peke yako tangu lini, na mbona hukusema? Mke wa kinyozi, yule wa ghorofa ya nne, amenipigia simu. Anasema alikuja kuchukua masanduku yake Alhamisi, jua linawaka, akakukuta umekaa na beseni la nguo mbichi kwa sababu Jumatano mvua ilinyesha. Eti unangoja Jumatano nyingine! Baba jamani, kamba zote za paani ni zako sasa. Nani atakugombeza?

Njoo ukae kwangu. Chumba kipo.

Mwanao

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mdomo wa mke wa kinyozi haujapata kuwa na kufuli.

Ulikuwa hujazaliwa wanawake wawili walipopigana paani kwa ajili ya shuka moja. Siku hiyo wapangaji wote tulikaa tukakubaliana: kila ghorofa na siku yake ya kuanika, na nguo za mvunja sheria zitaanuliwa, zikunjwe, ziwekwe mlangoni pa wenye siku. Jumatano ni ya ghorofa ya tatu. Nilikubali pamoja na wenzangu. Siwezi kuifuta peke yangu.

Jumatatu iliyopita nilikuta mashati yameanikwa. Jumatatu ni ya ghorofa ya kwanza. Moyo ulinidunda: wamerudi! Nilishuka nikabisha hodi kila mlango wa ghorofa ile. Hakuna aliyefungua. Alhamisi mashati yakawa pale tena. Nikakasirika, nikayaanua, nikayakunja, nikayaweka ghorofa ya nne.

Jioni akaja mlinzi aliyewekwa na manispaa, amevaa koti bila shati.

"Mzee, humu mna mwizi!"

"Mwizi hakunji nguo," nikamwambia. "Alhamisi ni ya ghorofa ya nne."

"Kwani ghorofa ya nne yuko nani?"

Alicheka hata akashika ukuta, kisha akaacha kucheka.

"Basi mlinzi ana siku gani, mzee wangu?"

Jumapili haikuwa ya mtu. Nimempa.

Chumba chako usikiandae. Bwana wa makumbusho ameniomba nibaki, niwe nikikaa sebuleni mwangu mchana ili wageni waone watu waliishije humu. Anataka jibu mwisho wa mwezi. Hapa ninahitajika.

Baba yako

Tarehe 14 Aprili

Shikamoo Baba,

Kila ulipouliza hali zetu nilijibu hatujambo. Hakuna "sisi", Baba. Tuliachana mwaka jana. Nilishindwa kukuambia, maana ulimpenda.

Nikitoka kazini nafungua redio ya jikoni na ya chumbani, vituo mbalimbali, ili nyumba isikike kama ina watu wanaobishana.

Sikukuita kwa sababu ya nguo mbichi. Wageni watakuja, watakutazama, watakwenda zao. Mimi ninakuhitaji kuliko wao. Lakini sikulazimishi.

Mwanao

Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Safari hii nauliza nikitaka jibu la kweli.

Bwana wa makumbusho alikuja mwisho wa mwezi na kalamu yake tayari. Nikamwambia aniongezee muda. "Mzee," akasema, "bila wewe wageni wataona nini? Kuta tu!" Miezi miwili iliyopita maneno hayo yangenilevya.

Tangu apokee jibu hilo ninazunguka chumba hadi chumba nikitazama kinachobebeka. Kitanda cha mama yako hakibebeki. Seremala alikiundia humu humu ndani, na mlangoni hakipiti. Nikiondoka, watakizungushia kamba, na wageni watakiangalia kwa mbali. Nimejaribu kulizoea wazo hilo. Bado.

Sina hasira nawe. Najuta tu kwamba nilikuwa nikisoma "hatujambo" na kuamini.

Niambie kazini unatoka saa ngapi, na kama kufika mlangoni kwako kuna ngazi nyingi. Sijasema kwamba naja. Nitakapoamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Baba yako