Alama za Dale

Binti yangu Karla amepata, Elsie. Chuo kikuu kimempa maabara yake mwenyewe ya kuchunguza ubongo wa watu waliogongwa kichwa, na jina lake limebandikwa mlangoni. Nimeligusa kwa kidole changu hiki.

Sasa nikusalimu kama ulivyonifundisha. Hujambo, dada yangu mpenzi? Goti linaendeleaje, na shemeji Murray ameacha kupanda paa? Sisi huku Harrow Creek tu wazima, ngano imevunwa nusu, na pai yangu ya matunda-mwitu imeshinda tena kanisani, ingawa jirani yangu Bernice anasema majaji walikuwa na njaa tu.

Unajua niliishia darasa la tisa, lakini Karla amenieleza mpaka nimeelewa. Anasema ubongo ni laini kama jeli. Kichwa kikisimamishwa ghafla, wenyewe unaendelea kwenda, na nyuzi zake nyembamba zinavutika hadi kukatika. Picha za kawaida za hospitali mara nyingi hazioni kitu, ila mashine ya maabara yao inazifuata nyuzi zenyewe. Nimemweleza muuza nyama, nikamweleza na mchungaji, naye akasema Verna, hii ni mara ya tatu. Nikamjibu kwamba mahubiri yake nimeyasikia zaidi ya hapo.

Mwanangu Dale anakusalimu. Bado anashinda chumbani mapazia yamefungwa, kwani mwanga unamuumiza. Juzi alisahau jina la mbwa wetu, akacheka, nami nikacheka naye, kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Unakumbuka alipogongwa kichwa kwenye hoki ya barafuni, daktari wa timu alisema hana kitu kwa sababu alama zake za mtihani hazikushuka. Tangu hapo wenzake wa hoki wanamwita Bwana Kichwa-Kinaniuma, na kazini walimtoa wakisema ni mvivu tu.

Mwezi huu Karla alikuja kula keki ya kuzaliwa ya kaka yake. Akasema wenzake wa maabara wamempiga Dale picha na nyuzi zimechanika vibaya, lakini faili lake la zamani linapinga. Si unajua kila mwaka, kabla ya msimu, wachezaji husomewa maneno wayakumbuke. Mtu akigongwa husomewa tena, na alama zikishuka anapumzishwa. Za Dale zilikuwa sawa kabla na baada. Akasema itabidi wamtoe kwenye utafiti, maana haeleweki. Dale akaacha kutafuna, akaniangalia mimi. 

Elsie, ni mimi. Alikuwa na miaka kumi na saba, watu wa timu kubwa wanakuja kumtazama, nikamkalisha jikoni nikamfundisha kuukosea makusudi ule mtihani wa kabla ya msimu. Akisomewa maneno kumi, ataje manne. Ili siku akigongwa alama zisishuke, asitolewe barafuni. Akina mama wengi hapa walijua ujanja huo, nami nilijiona mjanja kuliko wote. Januari akagongwa. Akataja manne yaleyale, safari hii ndiyo aliyoweza kweli, wakamrudisha uwanjani siku ya tatu. Nikasimama nikapiga makofi.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia Karla yote. Alilia, akapangusa uso, akachukua kalamu akaniuliza akina mama wangapi walifanya hivyo. Dale alikuwa mlangoni. Akasema mama, miaka kumi na miwili nangoja useme mwenyewe, mimi nisingeweza kukutaja. Kisha akauliza kama keki imebaki.

Sasa Karla atakuja kuzungumza katika ukumbi wa uwanja wa barafu, siku mbili kabla watoto wa mwaka huu hawajafanya mtihani, na atakayeanza kusimama mbele ya wazazi ni mimi. Bernice atakuwepo. Wale waliomwita Dale mvivu nimewaalika mmoja mmoja.

Msalimie sana Murray, na Joyce mwambie sweta alilonifumia limenikaa vizuri. Njooni nyote, nawe uketi mstari wa mbele nikuone, nisije nikakimbia. Ni Jumamosi, tarehe sita Septemba, saa nane mchana.

Mdogo wako akupendaye,
Verna