Mvumi ya Ndani ya Gari

Mvumi, 3 Februari 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi wazima, isipokuwa goti la Bibi. Asante kwa kukubali tuandikiane. Kwenye simu huwa nakosa sauti. Umesema Jumamosi utakuja na gari lako jipya. Bibi anasema hutakuja. Ulipoondoka nilikuwa na miaka mitatu, sura yako siikumbuki. Tuko Mvumi, nyumba ya Bibi Dorkasi, karibu na kanisa. Barua hii Mama mdogo Lydia atampa kondakta, stendi ya Dodoma.

Mwanao, Stara


Dar es Salaam, 12 Februari 2025

Mwanangu Stara,

Marahaba. Mwili mzima, moyo sijui. Nilikuja. Gari hili limetoka Japani na ramani yake humo humo. Fundi ameingiza barabara za huku, ila mwanamke anayeelekeza bado anaongea Kijapani. Niliandika Mvumi, nikafuata mshale. Mshale ukanikatisha kona Dumila; kwa kuwa Dumila iko njia ya Dodoma, sikushangaa. Saa saba kengele ikalia: nimefika. Nikaulizia Bibi Dorkasi hadi jioni. Wote, “Hatumjui.” Kama mliwaambia majirani wakatae, nimeelewa. Sitawasumbua tena.

Baba yako, Rahimu


Mvumi, 16 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, naandika haraka basi lisiiache barua. Baba, Dumila ni Morogoro! Ulifika Mvumi ya Kilosa. Sisi ni Mvumi ya Chamwino, kusini mwa Dodoma mjini. Kosa ni langu, niliandika Mvumi tupu. Huku hatukujua kama kuna nyingine Morogoro.

Siku ile nilichinja jogoo, nikakaa mlangoni na gauni la mahafali mpaka kuku wakaingia bandani. Bibi akasema, “Nilikwambia. Huyo kupotea ndiyo kazi yake.” Nilipomsomea barua yako alicheka hadi akashika goti: “Kumbe safari hii kapotea kweli!”

Njoo Jumamosi. Usilifuate gari, uliza watu. Sema Mvumi Misheni, siyo Mvumi Makulu, hicho ni kijiji cha jirani. Mimi huona aibu kuuliza, lakini nimemuuliza dereva wa basi kona zote. Nimekuchorea nyuma ya karatasi.

Mwanao, Stara


Jumamosi, saa nane

Mwanangu,

Hujambo? Kikaratasi hiki nimempa mama muuza maandazi akuletee. Niko hapa kanisani. Mjapani wangu analalamika tangu nilipoipita Dumila, nadhani anataka nigeuze. Sigeuzi. Ila kuja kupiga hodi miguu imegoma. Kumbe aibu yako umeirithi kwangu.

Toka nje.

Baba yako