Kakakuona Alipita Unga, Akaenda Kwenye Kandambili ya Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana nimeshindwa, mimi ambaye hapa Manyoni nasifika kwa kutoshindwa, tangu biashara iachiwe huru nimefuata mitumba Lusaka mara mbili na Mombasa sijui mara ngapi, shule niliiacha darasa la sita lakini dunia nimeisoma yote. Sasa kwa kupenda kwangu watoto, kila Jumamosi alasiri nilikuwa nawakusanya wa mtaani nyuma ya nyumba yangu, kwenye mipapai, nawafundisha kutafuta viumbe, kinyonga kajificha wapi, kalunguyeye analala wapi, na binti yangu Nasma, miaka minane, ndiye aliyekuwa na jicho kali kuliko wote.

Jumamosi moja walikuwa wanachokonoa kichuguu kando ya uzio, Nasma akaniita taratibu, nikakuta kakakuona, mtaa mzima ukajaa uani. Kwetu huku akionekana anawekewa unga, maji na kisu, atakachokiendea ndiyo habari ya mwaka, shibe, mvua au damu, na kazi hiyo ni ya wazee, tena mzee Mughwai alikuwepo, lakini mimi kwa kutaka kuchekesha nikamsogeza pembeni, nikaweka mwenyewe, nikaongeza na kandambili ya Nasma, nikasema tuone kama mwaka huu Nasma atapanda ndege. Watu wakacheka. Mnyama akapita unga, akapita maji, kisu hakukigusa, akaifikia kandambili, akajikunja juu yake na hakufunguka tena. Wazazi wakawashika watoto wao mikono, wakaondoka mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo watoto hawaletwi tena. Mama mkwe kaja kutoka Mtinko, anataka kumchukua Nasma akanyolewe na kuogeshwa dawa, ananiambia, "Baba Nasma, mnyama keshachagua. Unabishana na nani?" Nami nakiri kwako, niliwadanganya watu kwamba kaondoka, kumbe nilimfunika stoo kwa pipa, nikiogopa asiondoke na mtoto wangu kwa namna nisiyoijua. Siku ya tatu nikainua pipa, hamna kitu, shimo tu limeingia chini ya chumba anacholala Nasma. Sasa kila adhuhuri nasikia kukwaruza chini ya sakafu, kukinyamaza, nasikia kukwaruza kwingine juu yake. Jana nilifungua mlango, Nasma kalala chini, kajikunja, kucha zake sakafuni. Nikamuuliza anafanya nini.

"Namjibu," akasema.

Nimenunua saruji nizibe shimo, na mama mkwe nimemwomba asubiri gazeti lako. Nimpe mtoto?

Baba Nasma, Manyoni

JIBU

Baba Nasma, pole, ila nina ugomvi na wewe. Lusaka umefika, kichuguu cha uani kwako hujakifikia. Kakakuona anakula mchwa na sisimizi, na kandambili ya mtoto aliyeshinda kichuguuni inanuka chakula. Alifuata harufu, kelele zenu zikamtisha, akajikunja. Ungeyasema hayo siku ileile yangekwisha. Wewe ukanyamaza, ukamwacha binti yako peke yake na macho ya mtaa mzima. Anayemsemesha humo ndani ni huyo wa chini ya sakafu tu, kwa nini asimjibu?

Kama kweli ni kakakuona anayekwaruza, sijui. Barua yako nimeimalizia miguu ikiwa juu ya kiti.

Saruji irudishe dukani. Mwite bwana nyama, yule afisa wanyamapori wa wilaya, aje alitazame shimo, wewe usiliguse. Leo hii Nasma ahamie chumbani kwenu. Mama mkwe mwamkie kwa heshima zote, mwambie mjukuu haendi kokote na nywele zake zinabaki. Kisha nenda kwa mzee Mughwai ukamwombe radhi, na Jumamosi uwaite wote uani, wazazi na watoto wao, umsimamishe Nasma karibu yako na useme kwamba kandambili uliiweka wewe, kwa kutaka kuchekesha. Utaona aibu. Ni yako, kaibeba mtoto siku zote hizi.