Lidude la Hamisi

Jumamosi usiku, Kibaha

Kosa la wengi ni kudhani kamera kubwa ndiyo inayoleta picha nzuri. Leo nimelifanya mimi, na hasira haijanitoka. Nimemkasirikia Hamisi, lakini najikasirikia mwenyewe zaidi.

Dada yangu Mwajuma anaumwa, na hatuna hata picha yake moja akiwa anacheka. Nilitaka kuchukua kamera yangu ndogo ya mfukoni. Mpwa wangu Hamisi, mpiga picha za harusi, akanicheka: "Mjomba, hiyo ya watoto. Chukua yangu ya kazi."

Nilipoitoa tu kule Dutumi, nyumbani kwa dada, jirani akachungulia uani. "Mwalimu, umekuja kupima viwanja?" Kule mwenye kifaa kikubwa shingoni hudhaniwa mtu wa ardhi. Dada akaingia ndani kubadili kanga, akarudi akakaa wima, mikono magotini, kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Cheka basi, dada."

"Nicheke nini? Hilo lidude linanitazama kama daktari."

Nilipolifungia kwenye begi, ndipo alipoanza kumsimulia jirani nilivyokimbizwa na bata utotoni. Akacheka mpaka mtandio ukaanguka. Nami nimeduwaa, mikono mitupu. Hata simu yangu ni kitochi kisicho na kamera.

Kamera ile ni ya watu waliojiandaa kutazamwa. Dada si bi harusi. Na siku za kucheka namna ile, sijui amebakiwa na...

Nawe Mwalimu, chaji betri ya kamera ndogo leo hii, kabla hujalala.