Tonton, Nani Ataitetea Albamu Yako?

Tonton Désiré, mjomba wangu mpendwa,

Jumamosi iliyopita tumeganduka, yaani tumeondoa msiba. Mwaka umepita tangu tukuzike, kwa hiyo tulifanya kama desturi yetu inavyotaka: misa asubuhi, kisha viti vya kukodi katika ua wa Bibi hapa Gihosha, bia na Fanta, hotuba, halafu mkubwa wa familia akatangaza kwamba msiba umeisha na ndugu wanaweza tena kuoa, kucheka na kupiga muziki. Nakuandikia kwa sababu kabla ya tangazo hilo kuna jambo lilitokea. Nilisimama, Tonton. Nilisema mbele ya watu.

Wewe unajua uzito wake. Ni wewe uliyekuwa ukitaja jina langu wageni waliponiuliza, maana nilikuwa naangalia vidole vya miguu mpaka wachoke kungoja.

Nakumbuka Jumapili zetu. Baada ya misa, Papa Salum alikuwa anakuja na moto, ile pikipiki yake, kutoka mtaa wa Buyenzi, sambusa zimefungwa kwenye karatasi, na kabla hajaketi ugomvi ulikuwa umeshaanza. Rafiki yako tangu shule ya msingi, mtoto wa mwenye duka la redio, mjukuu wa watu waliotoka Oman, na katika umri wenu wote mlikuwa mnabishania kitu kimoja: zile albamu mbili za hip hop za mwanzoni mwa miaka ya tisini, zote za kwanza kwa waimbaji wake, ipi ni bora.

“Salum, mutu wako anarap kama anaogopa kuchafua kiatu.”

“Na wako? Watu kumi ku mikro moja! Ile si album, ni parking ya bus.”

Mimi nilikaa mlangoni nikila sambusa yangu polepole. Umeme ulipokuwa haupo tulitumia betri, na ili tusizimalize ulinifundisha kurudisha kaseti nyuma kwa kalamu, nikizungusha mpaka kidole kinauma. Kuruka wimbo ilikuwa marufuku. “We mutoto, sikiliza mupaka mwisho. Apana kuchagua kama mutu anachagua mchele.”

Albamu ya Papa Salum ilikuwa ya mvulana mmoja. Fupi, safi, piano kidogo, ngoma kavu, na sauti yake ya chini kama anaongea peke yake dirishani huku nyumba nzima imelala. Hakuna neno lililozidi. Ya kwako ilikuwa ya kundi, ndefu, ina vumbi, wanapokezana, wanakatizana, mmoja anacheka katikati ya ubeti wa mwenzake na hakuna aliyeona haja ya kumfuta. Kiingereza hamkukijua, wewe wala Papa Salum. Mlihukumu kwa sauti tu. Wewe ulikuwa na kipimo chako: albamu ya kwanza ni hodi. Mtu hajulikani na yeyote, amefika kwenye mlango wa watu, sasa sikiliza anavyobisha. Yule wa Papa Salum anagonga vizuri na kusubiri. Wa kwako wanaingia wote pamoja na baridi yao na kuuliza chakula kiko wapi.

Lakini hoja yako kubwa ilikuwa ule mwisho. Upande wa pili wa kaseti, mmoja wao anarap kwa hasira, na katikati ya neno, si katikati ya sentensi, katikati ya neno kabisa, sauti inakatika. Halafu ule mvumo mtupu wa kaseti. Ulikuwa unainua kidole juu. “Mumesikia? Hajaaga. Mutu wa kweli haagi. Anakatwa akiwa bado anasema.” Hapo ndipo ulipomshinda kila mara.

Siku moja tu ulinieleza kwa nini. Ulikuwa darasani, mwalimu anaandika sentensi ubaoni, ndipo milio ya risasi ikaanza upande wa chini wa mji na wote mkatoka mbio. Vita vilifunga shule, na ilipofunguliwa wewe hukurudi tena. “Ile phrase ya mwalimu sijajua inaisha namna gani,” ulisema, ukacheka, ukanipa kalamu nirudishe kaseti.

Tonton, mwezi uliopita nimemaliza shule. Mtihani wa taifa nimeufanya mpaka swali la mwisho. Mama akanipa simu yake ya zamani kama zawadi, na kitu cha kwanza nilichotafuta ni albamu yako. Niliisikiliza mchana, nimelala kwenye kile kitanda chako, nikitabasamu kwenye kila kicheko nilichokijua. Nikafika pale. Nikavuta pumzi kuungoja ule mvumo.

Neno likaisha.

Akalimaliza tu, akamaliza na ubeti, na baada yake zikaja nyimbo nyingine mbili. Ya mwisho si wimbo hasa. Ngoma inaendelea na wao wanaaga: wanashukuru mama zao, wanamshukuru jirani aliyewaazima mashine, wanashukuru na watu wa ghorofa ya juu waliovumilia kelele. Kwa majina, mmoja baada ya mwingine, hawaharakishi. Kumbe kaseti yako ilikuwa ya dakika sitini, na albamu ni ndefu kuliko hapo. Utepe uliisha, basi.

Nilikaa pale kitandani nimeshika simu kwa mikono miwili. Nilikuwa na habari ambayo ni mtu mmoja tu duniani angeielewa, na hayupo. Na nilijua pia kwamba nikimwambia Papa Salum, umeshindwa. Hoja yako yote ilisimama juu ya ule mkato. Tena nikwambie jambo ambalo sikupata kukwambia: moyoni mimi nilikuwa wa albamu yake. Yule mvulana wa dirishani alifanana nami. Sikusema kwa sababu ulikuwa unafurahi sana kunihesabu upande wako.

Basi Jumamosi, Papa Salum alipopewa nafasi ya kuongea, alisimama na chupa yake ya Fanta, akaeleza mlivyokutana, watu wakacheka. Kisha akafuta miwani.

“Désiré ameniachia ushindi siutaki. Leo hakuna mutu wa kumusemea. Kwa hiyo album yangu imeshinda. C’est fini, imeisha.”

Watu wakacheka tena, lakini yeye hakuketi. Alibaki amesimama anaangalia huku na huku, na nikaelewa kwamba alikuwa anaomba. Alikuwa anaomba mtu ambishie. Nikaangalia viti vyote. Hakuna mwingine aliyezijua zile albamu.

“Apana,” nilisema.

“Nani huyo?” mjomba wa Mama akaita kutoka nyuma. “Sauti, mutoto! Tunasikia mbuzi ya jirani tu.”

Nikasimama. Nikasema kwamba wa Papa Salum anapiga hodi vizuri sana, lakini amekuja peke yake, na Tonton hakuwahi kwenda kwa watu peke yake. Nikasema habari ya vicheko ambavyo hawakuvifuta. Nikasema ulivyotufundisha juu ya mtu anayekatwa akiwa bado anasema. Halafu, kwa kuwa kukutetea kwa uongo kungekuwa vibaya kuliko kukaa kimya, nikasema: “Lakini Papa Salum, hawakukatwa. Kaseti ilikuwa fupi. Album inaendelea.”

“Fupi namna gani?”

“Ya dakika sitini.”

Akashika kichwa. “Subhanallah! Ni mi nilirekodi! Ku duka ya baba tulikuwa na za sitini tu. Miaka yote ananihubiria kukatwa, kumbe ni mi nilimukata!” Akacheka mpaka akaketi chini, si kwenye kiti, chini kabisa, na machozi yake hayakuwa ya kucheka tu.

Bibi akauliza, “Sasa mwisho wao wanasema nini?”

“Wanashukuru watu, Bibi. Wanaaga.”

“Basi tia tusikie.”

Tukaunga simu kwenye spika za kukodi. Wale vijana wako wakaaga kwa kelele katika ua wa Bibi, na mashangazi wakapiga makofi nje ya mdundo kabisa. Ilipoisha, kaka yako mkubwa alikunja karatasi ya hotuba yake na kusema neno moja tu: “Tumeganduka.”

Tangu hapo najiuliza kama nilikunyang’anya kitu. Sidhani. Ulichosema juu ya kukatwa kilikuwa kweli, ila hakikuwahusu wao. Kilikuhusu wewe darasani, na wewe tena hospitalini, ulipoanza kunisimulia kisa na muuguzi akasema ukimalize kesho. Nilikuja asubuhi na chai, nikakuta kitanda kimetandikwa. Hukuaga, Tonton. Nimekasirika kwa hilo mwaka mzima, na nadhani Jumamosi ndiyo nimeacha.

Papa Salum alipokuwa anavaa kofia ya moto pale getini, aliniita. “We, wakili. Jumapili ya wiki ijayo naleta sambusa. Lakini jitayarishe. Leo nilikuachilia sababu ya msiba.”

Jumapili hiyo ni kesho. Wiki nzima nimesikiliza albamu yako nikitafuta hoja mpya, maana ile ya zamani nimeivunja mwenyewe. Yule mvulana wa dirishani bado nampenda, siwezi kukudanganya. Lakini kesho nitatoka pale mlangoni, niketi kwenye kiti chako, niseme ya kwako ndiyo bora, na niseme kwa sauti.

Lala salama, zamu nimeishika,

Mpwa wako